Ubeti wa bahari: vile tulikosea kuupigia fidla Inkishafi hapa Amu

Nianze na mshororo uliotuletea shida manake kisa chote kimezunguka hapo hapo. Aurakibuo juwa ni mwasi. Uko ndani ya Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa jirani yetu, na ubeti wenyewe mtu wa Amu (Lamu) aliyekaa na wazee barazani ashausikia hata kama hajui umetoka wapi:

Hunu ulimwengu bahari tesi
Una matumbawe na mangi masi
Aurakibuo juwa ni mwasi
Kwa kula khasara ukhasiriye

Yaani ulimwengu huu ni bahari iliyochafuka, ina matumbawe na hatari nyingi, anayeupanda mjue ni mwasi na kila hasara ishampata. Utenzi una beti zaidi ya 70, ulitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakati Pate ishaporomoka na majumba ya mabwana yamebaki ya popo na bundi. Sisi tulichukua beti 4 tu. Na huu wa bahari ndio tuliouchagua wa kwanza kabisa, kabla hata ya kukaa chini tukafikiri, na ndio uliotufanya tusimamishe kazi karibu mwezi mzima.

Kilichotokea ni hivi. Mwaka juzi msimu wa kusi boti ya faiba ilitoka hapa jioni kuelekea upande wa Pate, watu wanarudi kwao kutoka harusini, ikapinduka. Wanne wakafa maji. Anayeijua bahari yetu anajua vile inakuwa mwezi wa sita na wa saba, maji yanatoka kwa nguvu na upepo unayajia kinyume, pale yanapokutana na upepo mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama wima, hayaibebi boti, yanaipiga. Mmoja katika hao wanne alikuwa mpiga udi wetu (udi wa nyuzi wa taarabu, sio wa kufukiza). Mchana fundi wa kuchonga milango, usiku wa Jumamosi anakuja na udi wake umefungwa kwenye kikoi, anakaa pembeni, hasemi sana. Alikuwa anasindikiza wageni wa upande wa mamake, kwao asili ni Siyu, kisiwani Pate. Jina lake sitataja wala la mtu yeyote wa familia, wenyewe wapo na mji wetu ni mdogo.

Kwa hivo tulikuwa wanne tukabaki watatu, mimi wa fidla, mwimbaji wetu, na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza udi kwa marehemu. Matanga yakaisha. Siku moja kijana akaja kwangu na ule udi, mjane alikuwa amempa, akaniambia ami, tufanye kitu, lakini isiwe taarabu. Nilimwelewa pale pale. Taarabu yetu ina harusi ndani yake, mtu akisikia tu ile mdundo ikianza mkono unaenda mfukoni kutafuta cha kutunza. Yeye alitaka shairi la zamani, vyombo vichache, watu wamekaa kimya wanasikiliza. Huko Ulaya hiyo wanaiita muziki wa chemba, maana yake muziki wa chumbani, kila sehemu ina mpigaji mmoja tu hakuna wa kujificha nyuma ya mwenziwe. Na mimi naamini kwa dhati nyumba za Amu zinafaa kwa muziki kama huo kuliko kumbi nyingi zilizojengwa kwa kazi hiyo, ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, chumba kirefu chembamba manake boriti hazivuki upana mkubwa, sauti ya mtu mmoja inajaa bila maiki.

Shairi gani, hatukubishana. Bahari imechukua watu, na hapa kuna ubeti mkongwe unaosema dunia ni bahari. Tukaona Mungu ametupa.

Sasa makosa. La kwanza ni langu mimi. Nilitunga sauti yake usiku mmoja, nikaiweka kwenye maqam (mpangilio wa nota wa Kiarabu) iitwayo saba, kila mpigaji anajua saba ni ya huzuni, ukiishika tu nota ya nne ile iliyoshushwa msikilizaji anahisi kitu kimemkaba. Juu yake nikaweka mwendo wa wahda tuliouzoea kwenye taarabu, mapigo manne manne. Fidla ndio ikapewa kazi kubwa, miburuzo ya kidole kutoka nota hii hadi ile, ile sauti ya kulia ambayo fidla inaijua yenyewe bila kufundishwa. Tulipoirekodi kwa simu tukaisikiliza sote tulitokwa na machozi, na mimi nikachukua yale machozi kuwa dalili kwamba kazi iko sawa. Si dalili. Tulikuwa tunamlilia mwenzetu, tungelia hata kwa wimbo wa matangazo ya sabuni.

Kulikuwa na jambo la kiufundi ambalo lingetuamsha mapema kama tungekuwa makini. Maneno hayakukaa. Mwimbaji alikuwa analazimika kuvuta silabi kujaza mapigo, mangi maaasi, bahari teeesi, mpaka neno linapoteza umbo, na msikilizaji ambaye hakuujua ubeti kabla hakushika hata neno moja. Ukiwa na shairi la kawaida la taarabu unaweza kufanya hivo manake mtunzi ametunga akijua litaimbwa. Huyu hakutunga kwa fidla.

Kosa la pili lilikuja lenyewe mlangoni. Nduguye marehemu, mdogo wake, alipata ile rekodi ya simu. Akaja mazoezini, akasalimia vizuri, akakaa akasikiliza ubeti mzima, alafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hivyo mwasema kakangu ni mwasi?" Hakuna aliyemjibu. Akaendelea, "Mtume kasema aliyekufa maji ni shahidi. Nyinyi mwamwita mwasi, na fidla mwampigia."

Wallahi sijawahi kuaibika kama siku ile. Ule mshororo wa tatu tulikuwa tunauimba kila siku na hatujausikia. Tuliona bahari, tukaona matumbawe, tukasimama hapo. Na alikuwa na haki kabisa, ukiuchomoa ubeti ule peke yake ukauimba mbele ya wafiwa kwa sauti ya msiba, maneno yanasema aliyepanda bahari ni mwasi na hasara imempata, hakuna namna nyingine mtu aliyefiwa anaweza kuyasikia. Tukaacha kazi. Mimi nilikuwa nimeshaamua tutafute shairi jingine, au tusifanye kabisa.

Aliyeturudisha ni Bi mkubwa, shangazi yake marehemu ndiye aliyemlea, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa ashasikia habari zote kwa sababu katika nyumba zetu hakuna linalofichika. Akaniita. Nikamkuta amekaa msana wa ndani, chumba kirefu cha nyumba zetu, mkeka, kipepeo mkononi. Akaniambia ndoo hapa (njoo), nisikilize vile mwaimba. Sikuwa na fidla, nikaimba mwenyewe ile saba yangu. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Mwanangu, wewe walia. Mwenye shairi hakulia. Ausema moyo wake."

Alafu akaghani yeye. Hakuanza na bahari, alianza juu kidogo, Moyo wangu nini huitabiri, akashuka nao, huyui dunia ina ghururi, yaani hujui dunia ina udanganyifu, akaja mpaka kwenye bahari tesi. Sauti yake ni ya kawaida, kama mtu anayemsemesha mjukuu mkaidi, hapandi sana hashuki sana, pumzi moja kwa kipande, na kila anapofika ile ye ya mwisho wa ubeti anarudi pale pale alipoanza, anakaa. Aliposema juwa ni mwasi alijigusa kifuani. Sijui kama alikusudia, nafikiri ndivyo alivyofundishwa na mamake tangu mdogo, lakini mimi nilikiona kile kidole na nikaelewa nilichokuwa nimekosa.

Utenzi wote ni mtu anauhutubia moyo wake. Mwasi ni huo moyo, ni mimi ninayeipanda dunia nikaiamini kama itakaa, sio maiti aliye chini ya bahari. Mtunzi mwenyewe ameuweka ubeti wa Moyo wangu mbele ya ule wa bahari, sisi ndio tuliokwenda tukaung'oa mmoja tukauacha mwenziwe. Kwa hivo tatizo halikuwa neno mwasi, ambalo kuna aliyependekeza tuliruke au tulibadilishe (nilikataa na bado nakataa, shairi la miaka 200 hulikati kucha ili likuingie mkononi). Tatizo ni kwamba tuliondoa anayesemeshwa. Na muziki wangu ukamalizia kazi, manake saba na ile miburuzo inamwambia msikilizaji tunamlilia fulani, sasa akisikia mwasi atamweka nani pale kama sio huyo fulani?

Ongeza na hili, kwetu kumlilia maiti kwa mayowe ni jambo lililokatazwa, niyaha, machozi hayana neno lakini kupiga kelele za kuomboleza hapana. Fidla yangu ilikuwa inafanya niyaha kwa niaba yetu. Ustadh mmoja tuliyemuuliza hakutuficha kwamba vyombo vya nyuzi vina hitilafu baina ya maulamaa, matari ya Maulidi watu wa hapa washayazoea lakini nyuzi ni mjadala mwingine, alichotushauri ni tusichanganye hili na ibada ya msiba hata kidogo. Tukakubaliana khitma ya arobaini iende na Qur'ani na dua peke yake kama inavyotakiwa. Ya kwetu ije baadaye, mahali pengine, na aje anayetaka.

Hapo tukapata pia jibu la lini, swali ambalo tulikuwa hatujajiuliza. Mjane alikuwa eda. Miezi minne na siku kumi. Ukifanya kabla ya hapo umemfanyia kila mtu isipokuwa yeye. Tukangoja, na kule kungoja ndiko kulikotupa muda wa kuifanya kazi upya, bila hivo tungepiga ile saba yetu siku ya arobaini na tungeumiza watu.

Tuliitengeneza hivi.

Kwanza tulirudi kwenye hesabu ya mizani, na mwalimu wetu akawa ni Bi mkubwa, manake siku ile alipoghani nilimrekodi kwenye simu yangu. Kila mshororo wa Inkishafi una mizani 11, yaani silabi, imekatika 6 na 5. Hunu ulimwengu, sita. Bahari tesi, tano. Una matumbawe, sita, na mangi masi, tano. Sasa Kiswahili mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivo ndani ya kipande cha sita uzito unaangukia ya tano, mwe ya ulimwengu, na kipande cha tano uzito uko ya nne, te ya tesi. Jaribu mstari kwa mstari, haikosei: mba ya matumbawe, ma ya masi, bu ya aurakibuo, mwa ya mwasi, sa ya khasara, ri ya ukhasiriye. Mtu wa wahda ya nne nne unamtia hapo wapi? Tukaitupa wahda. Tukahesabu kumi na moja, na katikati, baada ya sita, pumzi, pumzi ya kweli ambayo haina hesabu, mwimbaji ndiye anayeamua urefu wake na sisi tunamngoja.

Maqam tulifuata koo la Bi mkubwa. Sauti yake inakaa karibu na maqam iitwayo bayati, nota ya pili iko kati kati, si mi kamili wala si mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa. Hiyo ndio sababu hatukuweka kinanda, kinanda kina nota zake na hakikubali kati kati, fidla na udi na chelo (ndugu mkubwa wa fidla, wa sauti ya chini) havina vituo kwenye shingo kidole kinaweza kumfuata mtu popote aendapo. Mimi nilijikataza miburuzo yote. Ni vigumu kuliko inavyosikika, mkono wangu wa kushoto umefanya hivo miaka ishirini.

Alafu kuna kuandika. Chelo ilitoka Zanzibar, mpigaji aliyezoea vikundi vya taarabu vya kule vinavyotumia chelo na besi, lakini yeye anasoma karatasi, lazima umwandikie. Utaandikaje kughani? Si wimbo, ukiandika nota kamili mwimbaji ataimba. Si maneno matupu, ukiacha wazi chelo hajui aingie wapi. Jibu nililipata mbali kabisa. Arnold Schoenberg, mtunzi wa muziki Mwaustria aliyekimbilia Marekani, mwaka 1942 vita vikiwa vimewaka alichukua shairi la Byron, mshairi Mwingereza, la kumsema Napoleon, lililoandikwa 1814, akaliwekea fidla mbili, viola, chelo na piano pamoja na msomaji. Msomaji haimbi. Kaandikiwa mapigo ya kila silabi kwa usahihi, lakini sauti yake iko juu ya mstari mmoja tu, alama zinapanda kidogo zinashuka kidogo kuonyesha mwelekeo, basi. Mtu alikuwa na hasira na madhalimu wa wakati wake akatafuta shairi la zaidi ya miaka mia linalomsema dhalimu mwingine, na hakulifanya wimbo, aliliacha liseme. Byron na Inkishafi ni karibu marika, hilo lilinifurahisha sijui kwa nini. Nikachora mstari mmoja, silabi kumi na moja juu yake, mkazo nikautia duara. Mwimbaji wetu ambaye hajawahi kusoma nota maishani aliielewa kwa dakika tano.

Na mpangilio wa vyombo nao nimeazima, sioni aibu kusema. Shostakovich, mtunzi Mrusi, mwaka 1967 alitia muziki mashairi saba ya mshairi Aleksandr Blok kwa sauti ya mwanamke, fidla, chelo na piano, ila hawapigi wote pamoja tangu mwanzo, shairi la kwanza ni sauti na chelo tu, la pili na piano, la tatu na fidla, kisha wanakuja wawili wawili, na wote watatu hukutana kwenye la saba peke yake. Kwetu ikawa hivi: Moyo wangu, sauti tupu. Bahari, sauti na chelo. Ubeti wa nyumba zao mbake ziwele tame, yaani nyumba zimebaki mahame, fidla inaingia. Ule wa madaka, udi. Alafu tunaurudia Moyo wangu sote.

Kwenye bahari tulibishana na mpigaji chelo siku mbili. Yeye alitaka afanye mawimbi, kupanda na kushuka kwenye nyuzi za chini, na anapiga vizuri mashallah inavutia. Lakini mawimbi yashasemwa, neno tesi lipo, na wale watakaokaa mbele yetu hawahitaji kuonyeshwa wimbi. Mwishoni alikubali kuchopoa uzi mara mbili tu kwa mshororo, pale kwenye mkazo, mwe na te, mba na ma. Tik, kimya, tik, kimya. Unasikia pumzi ya mwimbaji katikati. Hiyo ndio sehemu ya kazi yote ninayoiona imefaulu kuliko nyingine.

Chelo yenyewe ilifika kwa barabara mpaka Mokowe kisha kwa boti kama kila kitu kinachofika hapa. Nilikwenda kuipokea. Siku ile bahari ilikuwa shwari, kaskazi imeanza, maji kama kioo, na bado yule kijana wa udi alikataa isiwekwe pembeni. Aliilaza katikati ya boti, juu ya laifujaketi nne alizozipanga mwenyewe kama godoro, akaifunika nailoni, akakaa ameishika shingo mpaka tukafika gati. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wote kwenye ile boti walikuwa wamevaa laifujaketi zao, jambo ambalo kabla ya msiba hukuliona.

Mahali nako kulitaka busara. Tulikuwa tushaomba ua wa Ngome, ile ngome kongwe ya Amu, ni pazuri, mji wote unapajua. Mzee mmoja wa familia, wa Siyu, akatuuliza swali moja. Ngome ile ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, baada ya watu wa Amu kuwapiga watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa kule Shela. Sasa mashairi ya mtu wa Pate anayeulilia mji wake, kwa ajili ya watu waliokuwa wanarudi Pate, mtayasomea mule? Mimi nimezaliwa Langoni, mtaa wa Amu, nimepita mbele ya Ngome ile kila siku ya maisha yangu na halikunijia hata mara moja. Wengine walisema mzee anafukua mambo ya kale. Mimi nilimshukuru. Ukiamua kutumia shairi la zamani umekubali na historia yake, huwezi kuchukua maneno ukaacha damu iliyo chini yake. Tukafanya nyumbani kwa Bi mkubwa, kiwandani yaani uani mwa nyumba, wanawake msana wa juu wanaume chini, watu kama hamsini.

Nyumba ile ina ukuta wa zidaka, zile za chokaa za kuwekea sahani, nyingi zishakuwa tupu, sahani ziliuzwa zamani. Tulipofika kwenye madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni, yaani zidaka za sahani sasa wamelala makinda ya ndege, niliona watu kadhaa wamegeuza vichwa kuutazama ukuta. Hatukupanga hilo.

Tulichofaulu na tusichofaulu nitasema wazi. Maneno yalisikika, yote, mtoto wa darasa la sita aliniambia kesho yake alichoelewa na alielewa sawa. Mshororo wa mwasi ulipita na nduguye marehemu alikuwa amekaa mbele kabisa, uso wake haukubadilika, baadaye akaja akanishika mkono akasema sasa nimejua mwamsema nani. Hakuna aliyepiga makofi, nilikuwa nimeogopa sana makofi. Dakika ishirini kasoro, ikaisha, kimya, Bi mkubwa akasema haya leteni kahawa.

Kilichoshindikana ni ule mwisho. Kurudia Moyo wangu na vyombo vyote lilikuwa wazo zuri kwenye karatasi. Pale kiwandani lilikuwa zito mno, vyombo vitatu vikimzunguka mwimbaji vilianza tena kumfunika, na mimi nakiri nilipofika ubeti ule nilisahau sharti langu nikaburuza kidole mara mbili. Ningefanya tena leo ningemalizia na sauti peke yake kama tulivyoanza, au udi wa marehemu ungepigwa nota moja tu ya kukaa chini ya ile ye. Pia mazoezi na mwimbaji yalikuwa machache, kughani mbele ya watu walionyamaza ni kazi kubwa kuliko kuimba mbele ya watu wanaopiga vigelegele, huna pa kujiegemeza, na pumzi yake ubeti wa tatu ilikuwa ishaanza kukatika mahali pasipo pake.

Na kuna la simu. Tuliwaomba watu wasirekodi, aliyerekodi akarekodi. Klipu ikazunguka WhatsApp ikiwa imekatwa inaanza kwenye bahari, ule wa Moyo wangu haumo, yaani lile lile kosa letu la kwanza limerudi kwa mkono wa mtu mwingine, na alafu kuna mwengine akaitilia mdundo chini. Nduguye marehemu alinipigia usiku. Nilimwambia ukweli kwamba sina la kufanya isipokuwa kutoa ile kamili, tukaitoa siku ya pili, nzima, na tukaandika chini yake beti zote 4 pamoja na maana zake kwa Kiswahili cha leo ili anayepata ile iliyokatwa awe na pa kuilinganisha. Ningekuwa na akili ningeitoa usiku ule ule wa kwanza.

Mjane hakusema kitu siku ile. Alikuwa juu na wanawake, sikumwona. Baada ya wiki mbili tatu hivi alimtuma mtoto kwangu na ujumbe kwamba anataka rekodi, nikamtumia ile nzuri tuliyoisafisha. Mtoto akarudi. Mamangu asema si hiyo, ataka ile ya Bi mkubwa. Nikaitafuta kwenye simu, ile ya siku ya kwanza, yule bibi anaghani peke yake kwenye mkeka, kipepeo kinasikika kikipiga, muadhini wa mbali, na katikati ya ubeti wa bahari anakohoa, anatulia, anaanza tena mshororo kutoka mwanzo. Nikamtumia hivo hivo bila kukata.